Maswali na Majibu: Jina Ambalo Vita Humwachia Mtu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyosema kwamba vita haviishi siku mkataba wa amani unapotiwa saini, kwa kuwa huendelea kukaa katika majina, hati, lugha na mazoea ya watu ambao hawakuwahi kushika silaha. Barua zilizotufikia tangu hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita, tukazifupisha na kuondoa majina ya walioziandika.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Kila ninapofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanafunzi huniuliza vita vya watu waliokufa zamani vinawahusu nini. Ningependa kuwapa mfano ambao wanaweza kuushika kwa mikono yao.

Jibu: Mwalimu, wape pasipoti waishike. Kabla ya mwaka 1914 msafiri wa kawaida aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuulizwa hati. Urusi na Dola la Uthmaniya ndizo zilizojulikana kwa kudai karatasi mpakani. Vita vilipozuka, serikali ziliwaogopa majasusi, zikataka pia kuwazuia vijana waliotakiwa jeshini wasitoroke, kwa hiyo zikaanza kudai hati yenye jina, picha na uraia wa mwenye kuibeba, zikieleza kwamba hiyo ni hatua ya muda. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, liliitisha mkutano mjini Paris, na hapo ndipo ulipowekwa mfano mmoja wa pasipoti wa kufuatwa na nchi zote. Wajumbe wa mkutano huo waliandika katika maazimio yao kwamba wanatumaini kuona masharti hayo yakiondolewa hatua kwa hatua na hali ya kabla ya vita ikirejea karibuni. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mtoto aliyezaliwa jana hupigwa picha ya pasipoti kabla hajajua kutembea, ili aweze kusafiri pamoja na wazazi wake.

Waeleze pia upande wa pili wa hati hiyo, kwa sababu dunia inayomtambua mtu kwa pasipoti humfanya asiye nayo awe kama hayupo. Vita na mapinduzi viliwaacha Warusi wengi mno ugenini bila nchi ya kuwadai, na Serikali ya Kisovieti ikawavua uraia. Mnorwe Fridtjof Nansen, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, alibuni mwaka 1922 hati ya kuwawezesha kuvuka mipaka, na hati hiyo ikaitwa kwa jina lake. Mtunzi wa muziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall waliwahi kusafiri nayo. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, unaotumika hadi leo, umejengwa juu ya wazo hilohilo kwamba mtu aliyekosa dola hajakosa jina wala haki.

Kuna mifano mingine, kama vile desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, ambayo Ujerumani na Austria-Hungaria ziliianza tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe, na majirani wao wakaiga baada ya wiki chache. Lakini kama una muda wa somo moja tu, mimi ningeutumia kwenye makaburi.

Kabla ya vita hivyo mara nyingi askari wa kawaida alizikwa pamoja na wenzake katika shimo moja, na jina lililochongwa juu ya jiwe lilikuwa la jemadari. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita iliyoweka kanuni mpya kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na mawe yawe sawa bila kujali cheo, rangi wala dini. Waliokosa kutambuliwa waliwakilishwa na mwanajeshi mmoja asiyejulikana, aliyezikwa London katika Westminster Abbey tarehe 11 Novemba 1920, siku ileile ambayo mwenzake wa Ufaransa alifikishwa chini ya tao la Arc de Triomphe mjini Paris. Mama yeyote aliyempoteza mwana aliruhusiwa kuamini kwamba aliyelala pale ni wake. Heshima tunayoiona leo katika kila hafla ya kitaifa, yaani shada la maua, ukimya wa dakika chache na afisa aliyesimama wima, kwa sehemu kubwa ilipata sura yake katika miaka hiyo miwili mitatu.

Mwalimu, usiishie hapo, maana wanafunzi wako wana haki ya kujua waliosahauliwa. Mwezi Aprili 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, wakiwemo wapagazi waliobeba risasi na vyakula kwa vichwa vyao hadi maradhi na uchovu vikawaua. Wakubwa waliamua kwamba watu wa namna hiyo hawakuhitaji jiwe lenye jina. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na matamshi ya wenyeji yakakigeuza kuwa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, na Kariokor, mtaa wa Nairobi. Wanafunzi wako hulitamka jina hilo kila siku, na pengine hawajawahi kuambiwa kwamba ni jina la watu.

Swali: Ndugu Mhariri, baba yangu ni wa nchi moja na mama yangu ni wa nyingine, na nchi hizo sasa zinapigana. Mimi ninaishi ugenini, mbali na zote mbili. Kazini wameanza kuniita kwa taifa la baba, na wawili watatu wameacha kabisa kunisalimu. Nimefikiria kubadili jina langu la ukoo. Je, huo ni woga?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara kadhaa kabla ya kuijibu. Kabla ya vita ulikuwa na mengi ya kukutambulisha: mtoto wa fulani, fundi wa kazi fulani, jirani, shabiki wa timu, mtu mwenye utani. Vita vinapoingia, watu hukunyang'anya hayo yote, wakakuachia moja tu ambalo hukulichagua. Huo ndio uharibifu mkubwa ambao vita hufanya mahali ambapo hakuna hata risasi iliyosikika, nami nauhesabu miongoni mwa mabaya yake makubwa.

Wakubwa kuliko wewe walibadili majina. Tarehe 17 Julai 1917 Mfalme George wa Tano wa Uingereza aliliacha jina la ukoo wake, Saxe-Coburg na Gotha, kwa kuwa lilikuwa la Kijerumani wakati Ujerumani ilipokuwa adui, akachukua jina la kasri lake, Windsor, ambalo jamaa zake wanalitumia mpaka leo. Mji wa Berlin katika jimbo la Ontario nchini Kanada, uliokuwa na wakazi wengi wenye asili ya Ujerumani, ulibadilishwa jina mwaka 1916 ukaitwa Kitchener, kwa heshima ya waziri wa vita wa Uingereza aliyekuwa amekufa baharini muda mfupi uliopita. Mtakatifu Petersburg ya Urusi iliitwa Petrograd mwaka 1914 ili isisikike Kijerumani, ikawa Leningrad mwaka 1924, ikarudia jina lake la kwanza mwaka 1991. Mtu aliyezaliwa hapo mwanzoni mwa karne na kuishi miaka 90 aliweza kuwa na majina matatu tofauti ya mji wa kuzaliwa bila kuhama nyumba.

Lakini wako pia waliogundua kwamba hata utiifu wa wazi haukutosha. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri ya tarehe 19 Februari 1942 iliyosababisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, takribani theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, kuondolewa katika makazi yao ya pwani ya magharibi na kufungiwa makambini. Vijana kutoka makambi hayohayo walijiunga na kikosi cha 442 cha jeshi la Marekani wakapigana Italia na Ufaransa, wakapata medali nyingi, huku wazazi wao wakiwa bado nyuma ya seng'enge. Serikali iliomba radhi kwa sheria mwaka 1988 na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Miaka 46 ilikuwa imepita, na wengi waliostahili kuisikia radhi hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo nakujibu hivi. Kama jina lako linahatarisha mwili wako au wa watoto wako, libadili leo, wala usimruhusu mtu aliye salama akuite mwoga. Kama hatari iliyopo ni ya kununiwa tu, ningekusihi usubiri, kwa sababu jina lililotupwa wakati wa hasira huwa gumu kuokota. Wakati huo zungumza na mmoja kati ya waliokuacha, mmoja tu, na uzungumze naye kuhusu jambo mlilokuwa mkizungumza zamani. Usianze kwa kujitetea kuhusu vita. Ukianza hapo umekubali kwamba wewe ni balozi wa nchi, na hukuteuliwa na yeyote.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa isimu chuoni. Nimesoma kwamba vita vinaweza kuigawa lugha moja kuwa lugha kadhaa. Ni jambo la kweli, au ni wanasiasa wanaokuza mambo?

Jibu: Yote mawili ni kweli, na mfano unaosomwa zaidi ni wa Yugoslavia. Mwaka 1850 wasomi wa Kiserbia na Kikroatia walikutana Vienna, wakakubaliana kujenga lugha sanifu ya pamoja, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini shule, redio na jeshi vilitumia lugha iliyoitwa Kiserbo-Kroatia. Vita vilivyoanza mwaka 1991 vilipoivunja nchi, kila dola mpya ilihitaji lugha yake. Wakroatia walipendelea zrakoplov badala ya avion kwa ndege, Wabosnia wakaitilia mkazo herufi h katika maneno kama lahko, yaani rahisi, ambalo wengine hulitamka lako, na Montenegro, baada ya kujitenga mwaka 2006, ikaongeza herufi mbili katika alfabeti yake. Leo kuna majina manne ya lugha: Kibosnia, Kikroatia, Kiserbia na Kimontenegro. Nchini Bosnia na Herzegovina onyo la hatari ya kuvuta sigara huchapishwa mara tatu kwenye pakiti moja. Mawili yanafanana kila herufi, na la tatu ni maneno yaleyale yaliyoandikwa kwa alfabeti ya Kisirili, inayotumiwa na Waserbia.

Ukitaka kupima ukubwa wa tofauti hizo, tazama mahakama ya kimataifa ya The Hague iliyowahukumu waliofanya uhalifu katika vita hivyo. Iliwaweka wakalimani wa lugha hizo katika kundi moja, ikaiita lugha yao kwa herufi tatu, B/C/S, yaani Kibosnia, Kikroatia na Kiserbia kwa Kiingereza, na mashahidi wa pande zote wakaelewana na washtakiwa bila shida. Mwaka 2017 waandishi na wanaisimu wa nchi hizo nne walitoa tamko kwamba wanazungumza lugha moja yenye namna sanifu zaidi ya moja. Kiisimu nakubaliana nao. Hata hivyo, usimdharau kijana aliyezaliwa baada ya vita ambaye anaiita lugha ya mama yake Kibosnia, kwa sababu kwake jina hilo si hila ya mwanasiasa; ni jina la lugha ambayo waliouawa wa familia yake walizungumza.

Mfano wa Ukraine unakwenda kwa njia nyingine. Huko wengi waliolelewa kwa Kirusi waliamua kuhamia Kiukraine majumbani mwao, hasa baada ya uvamizi wa tarehe 24 Februari 2022, na waliofanya hivyo hawakusukumwa na sheria peke yake. Mtu mzima anayejifunza upya kumbembeleza mwanawe kwa lugha asiyoizoea amefanya uamuzi mgumu ambao takwimu za wazungumzaji haziwezi kuueleza.

Tena usitazame mbali tu. Sikiliza jinsi Kiswahili chetu cha siasa kinavyozungumza wakati wa amani: kambi ya upinzani, ngome ya chama, kampeni, mapambano, kumbwaga hasimu. Neno kampeni lenyewe lilitufikia kutoka Kiingereza, ambako lilihusu jeshi lililo uwanjani kabla ya kuhusu kura. Ningefurahi kama ungeifanya mada hiyo kuwa utafiti wako, maana watu waliozoea kuuita uchaguzi mapambano hujikuta wakimtazama jirani aliyepiga kura tofauti kama adui.

Swali: Mhariri, binti yangu anasisitiza kwamba vita viwili vya dunia ndivyo vilivyowakomboa wanawake. Mimi kama mama nimeshindwa kukubali kwamba jambo jema linaweza kutokana na mauaji. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Mama, binti yako ana tarehe upande wake. Uingereza iliwapa kura wanawake wa zaidi ya miaka 30 wenye sifa fulani za mali mwaka 1918, Ujerumani iliwapa wanawake wote mwaka uleule, Marekani ikafuata mwaka 1920. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1944 wakati vita vya pili vikiendelea, na Uswisi, ambayo haikupigana katika vita vyote viwili, iliwasubirisha wanawake wake hadi mwaka 1971 kabla ya kuwapa kura ya taifa.

Lakini ukitazama ndani, hoja yake inapungua nguvu. Wanawake wa Ufaransa walifanya kazi viwandani mwaka 1914 hadi 1918 kama wenzao wa Uingereza. Bunge lao likapitisha kura yao mwaka 1919, na baraza la seneti likaikataa mwaka 1922. New Zealand nayo iliwapa wanawake kura mwaka 1893, bila vita vyovyote vya dunia. Hata pale ambapo kura ilitolewa, kazi ilichukuliwa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1919 ya kurejesha taratibu za kabla ya vita iliwarudishia wanaume nafasi zao viwandani, na wanawake waliosifiwa mwaka mmoja kwa kutengeneza makombora waliambiwa mwaka uliofuata kwamba wanawanyima wanaume riziki. Wanawake hao walikuwa wamedai haki yao kwa miaka mingi kabla ya mzinga wa kwanza kulia. Vita viliwafanya wenye mamlaka waone aibu kuendelea kukataa, basi. Mwambie binti yako kwamba sifa aiweke kwa waliodai.

Swali: Katika habari za vita husikia watu wakililia maktaba, madaraja na makaburi ya kale. Huwa nakasirika. Watu wanakufa, na sisi tunahesabu mawe?

Jibu: Hasira yako ina utu ndani yake. Ingekuwa lazima kuchagua kati ya mtoto mmoja na daraja, hakuna mtu timamu angechagua daraja. Ila wanaoyavunja mawe hayo wanajua wanachokitafuta, na ni vizuri nasi tukijue.

Daraja la Mostar lilijengwa mwaka 1566, na mji wenyewe umepata jina lake kutokana na walinzi wa daraja. Tarehe 9 Novemba 1993 majeshi ya Wakroatia wa Bosnia yaliliangusha kwa mizinga, na pamoja nalo ikaanguka njia ambayo kwa zaidi ya miaka 400 iliwaunganisha wakazi wa kingo mbili za mto Neretva. Mwezi Agosti 1992 maktaba ya taifa mjini Sarajevo ilishambuliwa ikateketea pamoja na vitabu zaidi ya milioni moja, huku wakazi na watumishi wa maktaba wakijaribu kuokoa walichoweza chini ya makombora. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yalibomoa makaburi ya mawalii mjini Timbuktu, nchini Mali. Katika kesi hiyo ya Mali, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa tarehe 27 Septemba 2016, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kumhukumu mtu ambaye kosa lake kuu lilikuwa kushambulia majengo ya dini na historia.

Ukitaka kujua jinsi jiwe na mtu wanavyounganika, angalia karatasi. Mwaka 1999 Waalbania wa Kosovo waliofukuzwa makwao walinyang'anywa vitambulisho walipofika mpakani. Mtu aliyeporwa kitambulisho, huku daftari la vizazi la wilaya yake limechomwa na msikiti au kanisa alimofungia ndoa limesawazishwa na ardhi, atathibitisha vipi kwamba aliwahi kuishi hapo? Waliomfukuza wanatafuta jambo hilohilo, kwamba akirudi aonekane mgeni. Kwa sababu hiyo mtunza nyaraka anayeficha daftari ndani ya gunia anamlinda mtu, hata kama haonekani akifanya hivyo.

Warszawa, mji mkuu wa Poland, ilibomolewa na Wajerumani kwa makusudi baada ya maasi ya mwaka 1944, mtaa kwa mtaa. Waliobaki waliujenga upya mji wa kale wakitumia, pamoja na michoro ya wasanifu, picha zilizochorwa na Bernardo Bellotto katika karne ya kumi na nane. Mwaka 1980 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ingawa kuta zake nyingi zilikuwa na umri mdogo kuliko wakazi wake. Nadhani ilikuwa haki. Kilichoheshimiwa ni kazi ya watu waliokuwa na njaa na wakaanza kwa kuinua mlango wa nyumba uliokuwa hapo jana.

Swali: Baba yangu alipigana vitani kabla sijazaliwa. Hajawahi kunisimulia. Nikimuuliza hutoka nje. Amezeeka, nami naogopa ataondoka na kila kitu. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, mwanangu. Najua unachokiogopa, lakini kumbukumbu iliyotolewa kwa nguvu humuumiza anayeitoa, na mara nyingi huja ikiwa imepinda.

Nchi nazo hunyamaza kama baba yako. Hispania ilipotoka katika utawala wa dikteta Francisco Franco, bunge lilipitisha sheria ya msamaha mwaka 1977, na pande zote zikakubali kutofukua ya nyuma. Ukimya huo uliwasaidia watu kujenga demokrasia bila kulipizana visasi, sitaki kuudharau. Lakini maelfu ya waliouawa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 hadi 1939 walikuwa bado katika mashimo kando ya barabara, bila alama. Walioanza kuyafukua kwa utaratibu mwaka 2000, wakitumia wataalamu wa akiolojia na baadaye vipimo vya vinasaba, walikuwa hasa wajukuu. Watoto walikuwa karibu mno na kidonda. Wajukuu ndio walioweza kuuliza.

Nchini Ujerumani mchongaji Gunter Demnig alianza katika miaka ya 1990 kupachika vijiwe vya shaba kwenye njia za waenda kwa miguu, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita kumi, mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliyeteswa na Wanazi aliishi kwa hiari yake. Maandishi kwa kawaida huanza kwa maneno mawili, "Hapa aliishi", kisha hufuata jina na miaka. Mwaka 2023 vijiwe hivyo vilipita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Anayetaka kusoma jina sharti ainamishe kichwa. Ninachokipenda katika kazi hiyo ni kwamba haianzi na kifo cha mtu, inaanza na nyumba yake.

Nawe anza hapo. Usimuulize baba kuhusu vita. Muulize alikuwa akiitwaje alipokuwa mtoto, nani alikaa naye dawati moja, nani alimfundisha kuogelea, walicheza mchezo gani jioni, nyumba ya babu ilitazama upande gani. Fanya hivyo mkiwa na kazi ya mikono, ili asilazimike kukutazama usoni. Akitoka nje, mwache atoke, na akirudi endeleeni na kazi. Usimrekodi bila idhini yake. Kama usingizi wake ni wa mashaka, au akishtuka kwa sauti ndogo, mtafutie mtaalamu wa afya ya akili aliyezoea watu waliopitia vita, na umweleze baba waziwazi kwa nini umefanya hivyo.

Siku moja katikati ya habari za utotoni atataja jina la mtu ambaye hujawahi kumsikia, kisha atanyamaza. Usimuulize huyo alikufa vipi. Muulize jina hilo linaandikwaje, uliandike mbele yake, umwonyeshe kama umelipata sawasawa.